Bushi Tatu kwa Miezi Tisa: Kisa cha Injini ya Kinu cha Posho Katika Nyanda za Juu za Nakuru

Kisa hiki kinahusu kinu cha posho kilichoko katika soko dogo la Kaunti ya Nakuru, upande wa Molo. Majina ya watu, ya soko na ya maduka ya spea yameondolewa, lakini vipimo vimebaki kama nilivyoviandika kwenye daftari siku ile. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa injini, na ndimi niliyefanya kosa la tatu kati ya makosa yatakayosimuliwa hapa.

Usuli

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya silinda moja iliyolala, nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, inayopozwa kwa maji yanayochemka kwenye hopa yake. Ina uzito wa karibu kilo 140. Krankishafti yake, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inashikiliwa na bushi mbili, vikuku vya madini laini ambamo shafti huzunguka: moja iko upande wa gia, nyingine upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nje. Puli imefungwa kwenye flaiwili, nje kabisa ya bodi ya injini, na kutoka hapo mikanda mitatu hupeleka nguvu kwenye kinu cha nyundo.

Kwa miaka sita injini hii ilikaa juu ya zege katika kiwanja cha zamani, na katika muda huo wote bushi zilibadilishwa mara moja tu. Barabara ilipopanuliwa, mwenye kinu alilazimika kuhamia chumba cha kukodi. Mwenye chumba hakutaka sakafu yake ichimbwe. Kwa hiyo fundi wa kuchomea alitengeneza fremu ya chaneli, injini ikafungwa juu yake kwa boliti nne, na chini ya kila mguu wa injini kikawekwa kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu la lori. Kinu kilifungwa peke yake moja kwa moja kwenye sakafu kwa boliti za kupanuka, na fremu nayo ikashikwa kwa boliti mbili za namna hiyo.

Jambo hilo la mwisho lishikwe vizuri, kwa kuwa ndilo chanzo cha mengi: kinu kilikuwa kimesimama imara, ilhali injini inayokivuta ilikuwa imekalia mpira.

Mfululizo wa matukio

Wiki za kwanza mwenye kinu alifurahi kwamba chumba hakitikisiki. Baada ya mavuno, wateja walipoanza kuja na madebe mawili matatu kwa mpigo, malalamiko yakaanza: kinu kinapunguza mbio mahindi yakishamiminwa. Kijana anayekiendesha aliamini kwamba mikanda inateleza, akaikaza. Baada ya siku chache akaikaza tena. Alipofika mwisho wa nafasi ya kukazia, fundi wa soko alishauri puli ya injini ibadilishwe, kutoka kipenyo cha milimita 200 hadi 250, ili kinu kiende kasi zaidi. Puli hiyo kubwa ilikuwa inagusa fremu, basi kikawekwa kipande cha chuma kati yake na flaiwili, kikaisogeza nje kwa milimita 45.

Bushi ya kwanza, ya upande wa flaiwili, ilikufa baada ya miezi mitano tangu kuhama. Injini ilianza kugonga kwa sauti nzito, mara moja kila mzunguko, na oili ikawa inavuja kwenye sili, pete ya kuzuia oili, iliyo nyuma ya flaiwili. Fundi alibadilisha bushi na sili, akasema ile ya zamani ilikuwa imechoka tu. Ya pili ilidumu wiki saba. Hapo lawama zikahamia kwenye duka la spea, kwamba limeuza bushi bandia, na mwenye kinu akasafiri hadi Nakuru mjini kununua nyingine kwa bei karibu mara mbili.

Ndipo nilipoitwa. Nilikuta shafti imechubuka, nikaipeleka karakana ikasuguliwa na kupunguzwa robo milimita, nikatia bushi za saizi hiyo pande zote mbili, nikasafisha njia za oili, nikabadilisha filta. Yote hayo yalihitajika. Halafu mwenye kinu akaniambia, "Mwalimu, hiyo mipira nayo imekauka, injini inarukaruka siku hizi." Niliitazama, nikaona kweli imepondeka, nikaweka mipira mipya, minene na laini kuliko ya kwanza. Niliona nimemaliza kazi, nikapokea malipo yangu.

Baada ya wiki tisa simu ililia. Sikuhitaji kuuliza.

Uchunguzi

Safari hii sikufungua injini kwanza. Nilimwomba kijana aendelee na kazi kama kawaida, mimi nikachora mstari wa chaki kwenye fremu sambamba na ukingo wa mguu wa injini, upande wa flaiwili, kisha nikachuchumaa hapo. Injini ikizunguka bila mzigo, mguu ulitetemeka papo hapo. Debe la mahindi lilipomiminwa, mguu ulivuka mstari kuelekea kinu, ukabaki ng'ambo hadi mahindi yalipokwisha. Nilipima milimita 3. Mguu wa upande wa gia ulisogea chini ya milimita 1. Maana yake ni kwamba injini haikuwa ikivutwa tu. Ilikuwa ikijipinda, kichwa kikienda huku na mgongo kule, na kila mara puli yake ikipoteza ulinganifu na ile ya kinu.

Chini ya miguu kulikuwa na unga mwekundu kama kutu iliyosagwa. Unga huo hutokea chuma kinapokisugua chuma chini ya boliti inayodhaniwa imekazwa. Mipira yangu mipya ilikuwa tayari imeliwa upande mmoja, mfano wa kisigino cha akala za mtu anayetembea kwa kuegemea.

Kisha mikanda. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi wa jirani, nikaivuta nayo katikati ya nafasi ya sentimita 90 iliyo kati ya puli mbili. Kanuni ni kwamba mkanda unapaswa kulegea milimita 16 kwa kila mita ya nafasi, yaani milimita 14 hapa, na kwa mzigo wa injini hii nguvu ya kuufikisha hapo ingekuwa karibu kilo 1 kwa kila mkanda. Mizani ilisoma zaidi ya kilo 3. Kijana aliniambia kwa fahari kwamba akiipiga kwa kidole inalia kama uzi wa gitaa.

Nikamwomba amimine debe lingine, nikatazama eksozi. Moshi mweusi. Injini yenyewe ilipunguza mbio pamoja na kinu, na mikanda haikupiga kelele wala kunuka mpira uliopata moto. Hapa ndipo uchunguzi wa kwanza kabisa ulipokosewa, miezi mingi kabla yangu. Mkanda ukiteleza, kinu hupunguza mbio lakini injini hubaki na kasi yake. Injini na kinu vikipungua pamoja, na moshi ukawa mweusi, injini imelemewa. Hata mikanda ikikazwa kwa trekta, nguvu haitaongezeka.

Na kulemewa kwake hakukuwa ugonjwa. Soko hili liko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na taabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Injini ya farasi 12 huku juu inatoa kama 9. Katika kiwanja cha zamani ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa puli ya milimita 200 kinu kilizunguka karibu mara 3,100 kwa dakika. Kwa puli ya 250 kilitakiwa kifike 3,850, na nguvu inayomezwa na nyundo na upepo wake hupanda haraka sana kuliko kasi yenyewe. Puli iliyoletwa kama dawa ilimwongezea mgonjwa mzigo.

Mwisho tulizima, nikafungua. Oili ilikuwa safi na kiwango kilikuwa sawa. Kiashiria chekundu cha oili kilikuwa kikiinuka kila injini ilipowashwa, na njia ya kuelekea kwenye bushi ilipitisha hewa bila kizuizi. Njaa ya oili tukaiondoa kwenye orodha.

Bushi zilisema mengi zaidi. Ile ya upande wa flaiwili ilikuwa imelika kwenye ukingo wa nje, upande unaotazama kinu. Hapo rangi ya fedha ilikuwa imekwisha na chini yake ikaonekana rangi ya shaba, kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Ile ya upande wa gia ilikuwa na mng'aro wa kusuguliwa upande wa pili kabisa, ule unaokipa kinu mgongo. Nilizipanga mezani, nikamwita kijana aone. Msukumo wa pistoni hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu pistoni iko katikati ya bushi mbili na huzisukuma zote upande mmoja. Bushi mbili zikilika pande zinazopingana, shafti imevutwa kutoka nje, kwenye ncha, kama mtu anayebinua mtaimbo juu ya jiwe.

Hesabu yake si ngumu. Kati ya bushi na bushi ni karibu sentimita 20. Zamani katikati ya puli palikuwa sentimita 15 nje ya bushi ya flaiwili. Baada ya kile kipande cha chuma, sentimita 19.5. Mikanda iliyokazwa sawasawa ingeivuta ncha ya shafti kwa karibu kilo 100 injini ikiwa imesimama. Kwa puli iliyo mahali pake, bushi ya karibu hubeba kilo 175, na ya mbali hubeba 75 kwa upande wa pili. Mikanda ikivuta kilo 300, na puli ikiwa imesogezwa nje, bushi ya karibu hubeba karibu kilo 600. Mzigo huo ni mara tatu na zaidi, nao haupumziki hata injini ikizimwa usiku. Kila asubuhi shafti ilianza kuzunguka ikiwa imebanwa kwenye ukingo mmoja, kabla oili haijafika.

Jambo moja lilibaki. Nilikaza boliti zote nne za miguu, nikazungusha flaiwili kwa mkono baada ya kuondoa mikanda na kuachia valvu ili hewa isibanwe ndani ya silinda, ilikuwa nzito. Nilipolegeza boliti moja ya nyuma, ikawa nyepesi, na fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.8 ikapita chini ya mguu ule. Fremu ilikuwa imepinda ilipochomewa. Kila fundi aliyekaza boliti hiyo, mimi nikiwemo, aliipinda bodi ya injini kidogo, na matundu mawili ya bushi yakaacha kuangaliana.

Maamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubaki na mipira lakini kuiwekea injini kizuizi upande wa kinu. Si wazo geni. Huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, pikipiki za theluji huwa na injini iliyokaa juu ya mipira, na mkanda mpana unaotoka kwenye ncha ya krankishafti. Dereva akivuta mafuta, mkanda huivuta injini nzima kuelekea puli ya pili, na ndiyo maana nyingi huwekewa kizuizi kinachoikatalia injini kusogea upande huo huku mipira ikiachwa ivumilie mtikisiko mwingine. Mafundi wa huko huitazama kwanza beringi ya upande wa mkanda, kama sisi tulivyopaswa kufanya. Lakini chombo kile kina sababu ya kukaa juu ya mpira: kuna mtu amekikalia. Kinu cha posho hakina abiria, na silinda moja kubwa iliyolala hurusha bodi mbele na nyuma kwa nguvu ambayo vipande vya tairi haviwezi kuituliza.

Tulichagua zege, injini na kinu juu ya jiwe moja, ili mvuto wa mikanda ubaki ndani ya jiwe lenyewe. Mwenye kinu alimwendea mwenye chumba akiwa na mzee mmoja wa soko, wakaelewana kwamba itachimbwa sentimita 20 tu na kwamba siku ya kuhama sakafu itarudishwa kwa gharama yake. Jiwe lilikuwa la mita 2 kwa sentimita 80, unene sentimita 35, uzito wa kama tani 1.3. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba jiwe liwe angalau mara tatu ya uzito wa injini. Letu lilizidi sana, kwa sababu urefu uliamuliwa na nafasi ya mikanda.

Ugomvi wetu pekee ulikuwa juu ya siku za kusubiri. Zege hufika nguvu yake kamili kwa siku 28, na katika siku 7 huwa limefika karibu theluthi mbili. Mwenye kinu alitaka siku 5. "Mama," nilimwambia, "boliti zikilegea ndani ya zege bichi, hatutakuwa na pa kuzikaza tena." Tulikubaliana siku 14. Katika siku hizo wateja wake walivuka barabara kwenda kwa mwenzake, na wengine hawajarudi hadi leo.

Injini iliwekwa bila mpira. Miguu ilisawazishwa kwa vibati vya chuma hadi fila geji ya milimita 0.05 ikakataa kupita chini ya mguu wowote boliti zikiwa zimelegea; ndipo tukakaza, tukizungusha flaiwili baada ya kila boliti kuhakikisha haijawa nzito. Puli ya 200 ilirudi, kipande cha kusogezea kikatupwa, puli mbili zikalinganishwa kwa uzi uliovutwa kugusa kingo zote nne. Mikanda mitatu ilinunuliwa mipya pamoja, kwa sababu mkanda mpya ukichanganywa na mikuukuu hubeba mzigo peke yake. Kijana alifundishwa kupima kwa mizani, na mwenye kinu akanunua ya kwake.

Matokeo

Miezi kumi na minne baadaye gaskiti ya hedi ilivuja, nikapata kisingizio cha kufungua na kupima bushi. Ya upande wa flaiwili ilikuwa imelika milimita 0.02, sawasawa mduara mzima, bila ule mwezi. Mstari wa chaki haukusogea hata debe la pili lilipomiminwa. Moshi mweusi haukuisha kabisa: mahindi yakiletwa na unyevu mwingi, injini bado hulemewa, na mwenye kinu sasa huwapima wateja wasiomridhisha kwa kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mteja huambiwa arudi akaanike.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuitazama injini ikiwa kazini kabla ya kuifungua. Mstari wa chaki na mizani ya viazi vilitupa zaidi ya nusu ya jibu, na bushi zilipotolewa zilithibitisha tu. Ningefanya hivyo mara ya kwanza, mwenye kinu angeokoa gharama ya seti moja ya bushi.

Kosa la kijana la kukaza mikanda linasameheka. Alifanya lile alilolijua. La fundi wa soko ni zito zaidi, kwani alibadilisha puli bila kuuliza injini ina nguvu ngapi huku juu. Hata hivyo haki yake apewe: puli kubwa peke yake, kwa mzigo uleule, hupunguza mvuto wa mkanda. Kilichoua ni ile kasi iliyoongezeka kwenye kinu pamoja na zile milimita 45.

Kosa langu ndilo linalonikera. Niliona mpira umepondeka upande mmoja, nikaweka mwingine laini zaidi, bila kujiuliza ni nini kilichouponda. Mpira laini uliiruhusu injini kusogea zaidi, mikanda ikalegea zaidi chini ya mzigo, kijana akaikaza zaidi, na bushi zangu nzuri zikafa zikiwa mpya. Kuhusu bushi bandia zilizolaumiwa: zote tatu nilizipima, unene wake haukutofautiana, na duka lile lilipoteza mteja bila hatia.

Zege nalo halikuja bure. Mipira ilikuwa ikimeza mtikisiko, jiwe likaupeleka sakafuni, na fundi cherehani wa chumba cha pili akaja kulalamika kwamba kioo chake cha wateja kinacheza ukutani na bobini zinaanguka rafuni. Tulipaswa kuacha mwanya kati ya jiwe na sakafu siku ya kumwaga zege. Hatukuacha. Tuliukata baadaye kwa patasi na nyundo, upana wa sentimita 2 kuzunguka pande zote, kazi ya siku tatu, na kioo kikatulia kwa kiasi kikubwa. Mwanya huo hujaa unga kila wiki, na unga uliolala hapo ukipata maji ya hopa hukauka na kuwa mgumu kama sakafu yenyewe, kwa hiyo kila Jumamosi jioni kijana huuchokonoa kwa waya kabla ya kufunga mlango.